Kofia Chini ya Nyuzi

Jumatatu iliyopita nilimkabidhi Shaabani, kijana anayeshika nafasi yangu katika bendi, gitaa langu la besi, baada ya kulipiga miaka tisa. Jumatano akanijia kibandani kwangu, pale ninapotengeneza baiskeli, uso umejaa furaha. Alikuwa amelisafisha. Amefungua kila skrubu, amepangusa kila kona kwa mafuta ya taa, na chini ya kile kifuniko cha chuma kinachokaa mwisho wa nyuzi, karibu na mkono wa kulia, amekuta kitambaa kigumu kinachonuka kutu. Alikileta amekishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mjusi.

"Kaka Athumani, hiki nikitupe, au una kazi nacho?"

Nikamwambia aketi. Kile si kitambaa. Ni kofia, na kama si kofia hiyo mimi nisingekuwa na miaka tisa ya kusimulia. Nilianza kumweleza, mteja akaja na gurudumu lililopinda, maneno yakakatika; nikamwambia tu airudishe alipoitoa. Ndiyo maana namwandikia.

Nimestaafu besi nikiwa na miaka thelathini na moja. Najua wastaafu wenyewe, wale waliomaliza kazi zao bandarini na mashuleni, wakisikia nimelitumia neno hilo watanicheka, na wana haki. Lakini sikio langu la kushoto, lililokuwa jirani na drams kwa miaka yote hiyo, siku hizi linalia kutwa kama birika lililosahauliwa mekoni, na daktari ameniambia nichague kati ya drams na sikio. Nimechagua sikio, ingawa nilifikiria wiki tatu. Humu sitasema nani alipewa cheo gani katika bendi wala nani alilipwa nini. Nitasema yale ambayo mimi nilitafuta mtu wa kuniambia nikamkosa, pamoja na yale niliyoambiwa nikajifanya sikusikia.

Bendi yenyewe nitaiita bendi tu, maana mjini kwetu Bagamoyo kila mtu aliiita hivyo. Zilipokuwa mbili ile nyingine ilikufa. Kiongozi wetu ni Kibwana, mpiga gitaa la solo, mtu asiyepandisha sauti hata akikufukuza. Mimi nilianza kazi mlangoni. Siku za wiki nilikuwa fundi baiskeli, Jumapili nachana tiketi. Nilisimama nje ya ukumbi, mgongo ukutani, nikichungulia ndani mlango ulipofunguliwa na kufungwa. Ningetoa jino kusimama jukwaani. Sikumwambia mtu, kwa sababu nina tabia moja ambayo bado ninayo: sipendi kuonekana nikifanya jambo kabla sijalijua. Hata kuogelea nilijifunza peke yangu, na kidogo nife.

Mwaka ule, siku ya kuvunja jungu, tulipiga dansi la mwisho kabla ya mwezi wa Ramadhani, na kesho yake mpiga besi wetu akapanda gari kwenda Dar kujiunga na bendi kubwa. Aliondoka na gitaa, kwa kuwa lilikuwa lake. Kibwana alituita wote, hata sisi wa mlangoni.

"Mwezi mtukufu hatupigi," alisema. "Idi Mosi tuna bugi, dansi la mchana. Atakayeleta besi yake mwenyewe, na anajua kuipiga, asimame nasi siku hiyo. Watu wakicheza, nafasi yake. Wakikaa kwenye viti, arudi alikotoka."

Nikasikia sauti ikisema, "Mimi ninajua." Ilikuwa yangu.

"Umejulia wapi, Athumani?"

"Dar."

Dar nilikuwa nimekaa siku tatu, kununua tairi. Pazi, mpiga tumba wetu, mtu mzima kunizidi kwa miaka kumi na mchimba chumvi kwa kazi yake ya mchana, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akainamia tumba yake akaanza kukaza ngozi isiyohitaji kukazwa. Alijua.

Sasa nilikuwa na siku ishirini na tisa, au thelathini, kulingana na mwezi, nipate gitaa la besi ambalo sijawahi kulishika na nilijue. Magitaa mapya ya Dar yalikuwa na swichi nyingi na rangi za kumeremeta, na sikuwa na uwezo nayo. Dereva mmoja wa lori aliyekuja kuzibiwa tairi ndiye aliyeniambia kuwa yuko bwana mmoja Lugoba, anaitwa Mrisho, aliyepiga besi miaka mingi katika bendi za Tanga, sasa amerudi nyumbani kulima. Gitaa lake limelala. Nikatuma salamu kwa dereva huyo huyo, na jibu likarudi: Alhamisi, Msata, pale njia panda, kwenye banda la muuza kahawa lililofungwa kwa ajili ya mfungo.

Nilitoka alfajiri baada ya daku, kwa baiskeli yangu. Baiskeli hiyo niliiunda mwenyewe kwa vipande vya baiskeli nne, na magurudumu yake yalizunguka bila kuyumba hata unene wa unywele. Barabara ilikuwa mchanga mtupu. Mfukoni nilikuwa na daftari lenye maswali ishirini na mawili ya kumuuliza mwuzaji, niliyoyabuni mwenyewe, kwani sikujua gitaa la besi huulizwa nini. Swali la kwanza lilikuwa: Je, limewahi kuanguka? Hilo niliazima kwa wanunuzi wa baiskeli.

Bwana Mrisho alikuwa mfupi, mikono mipana. Tulisalimiana salamu zote, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza habari za Bagamoyo hadi za watu nisiowajua. Kisha akafungua gunia la katani.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilisikitika. Lilikuwa la mtindo wa zamani: bao moja zito la mti, rangi ya asali katikati na nyeusi pembeni, vitufe viwili tu, na kile kifuniko cha chuma kilichofunika mwisho wa nyuzi kama sahani iliyofunika wali. Kibati cha jina kilikuwa kimebanduliwa.

"Ni la Marekani?" niliuliza.

"Ni la Mjapani aliyeliona la Marekani," alisema. "Ameliiga vizuri. Wengine siku hizi wanaiga mapya. Huyu aliiga la zamani, na la zamani halina kitu cha kuharibika."

Niliitazama shingo yake kama ninavyotazama rimu, jicho moja nimefumba. Ilikuwa imenyooka. Nilikagua vile vyuma vilivyotandazwa shingoni kimoja kimoja. Nilizungusha funguo nne za kukazia nyuzi. Nikauliza maswali yangu yote ishirini na mawili, naye akajibu kwa subira ya mtu mwenye saumu na asiye na pa kwenda. Kitu kimoja tu sikuweza kukikagua, nacho ni kama linatoa sauti. Msata hapakuwa na umeme wala spika. Nilipigapiga uzi mnene, ukatoa mlio mdogo kama nzi ndani ya kopo.

"Ndivyo lilivyo bila umeme," alisema. "Huku kwetu hili ni jembe lisilo mpini. Hiyo baiskeli ni yako?"

Tulibadilishana. Kwa hiyo mwaka huo Bagamoyo ilikuwa na fundi baiskeli anayetembea kwa miguu. Bwana Mrisho alizungusha gurudumu la mbele, akalitazama likienda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipokwisha kupanda, mguu mmoja chini, alisema neno la mwisho.

"Hilo usilisafishe sana. Lina mambo yake."

Nilidhani ni udhuru wa mtu mvivu. Nilirudi juu ya lori la magunia ya mkaa, gitaa nimelipakata, na tulipofika mjini tulikuwa weusi wote wawili.

Kesho yake nililisafisha. Hapa, Shaabani, ndipo wewe na mimi tunapofanana. Nililifungua lote. Skrubu nilizipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa zilivyotoka. Chini ya kifuniko cha chuma nilikuta kipande cha sponji, cheusi, kimeoza nusu, kimebanwa chini ya nyuzi. Nilifikiri panya. Nikakitupa jaani, nikapangusa, nikafunga, nikajisifu. Kwa fundi baiskeli uchafu ni adui. Hakuna uchafu wenye kazi.

Nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi. Mama hushona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine, na tangu mwezi wa Rajabu alikuwa akinishonea yangu ya Idi. Kofia kama hiyo humla mtu miezi. Siku ya kwanza aliponiona na gitaa aliweka sindano chini.

"Mwezi wa toba, Athumani."

"Halilii, mama. Bila umeme halilii."

"Lina sauti au halina?"

"Halina."

"Basi si ngoma. Ni ubao. Piga ubao wako." Akaendelea kushona.

Vyombo vya bendi vilikuwa vimefungiwa stoo, na jenereta limefunikwa turubai, ufunguo anao Kibwana. Ikabidi nijifunze besi kwenye nyumba isiyo na umeme, kwa gitaa linalonong'ona. Nilihangaika siku mbili nikiinamisha sikio. Siku ya tatu, kwa bahati tu, kichwa cha gitaa kiligusa kabati la nguo la mama, na kabati likaimba. Niliruka. Nikagusisha tena. Sauti nene, ya chini, ikatoka kwenye mbao, na sahani zilizopangwa juu zikatetemeka. Nilijaribu mlango: mlango ulikuwa mkavu, hautoi kitu. Nilijaribu kitanda, meza, kinu kilichoinamishwa. Kinu kilikuwa kizuri kwa uzi mnene peke yake. Nilijaribu kuuma pembe ya gitaa kwa meno, na hapo sauti ikajaa kichwani mwangu mote, hata macho yalitikisika. Lakini nilipokumbuka kwamba nimefunga, na rangi ya gitaa nisiyojua imetengenezwa kwa nini, nikaacha meno kwa ajili ya baada ya futari. Mchana nilitumia kabati.

Kukaza nyuzi ziwe sawa nilijifundisha kwa njia ya gurudumu. Fundi anayenyoosha rimu hugusa spoku moja moja kwa kidole na kusikiliza. Inayolia tofauti na wenzake ndiyo iliyolegea. Hakuna kazi nyingine inayokufundisha kusikia tofauti ndogo kiasi hicho huku mteja akikusemesha. Kilichonishangaza ni kingine. Nyimbo zetu, zile za bendi, mwendo wa besi nilikuwa naujua. Sikujua vidole viende wapi, lakini nilijua sauti inayofuata ni ipi. Nilijaribu wimbo mmoja, wa pili, wa tano: miendo yote imo kichwani. Ya solo sikuijua hata mmoja, ya rithimu hali kadhalika. Nilijiuliza sana nimeitoa wapi, nikahitimisha kwamba nina kipaji. Niliamini hivyo muda mrefu kuliko inavyofaa kusema.

Basi mwezi mzima tulikaa chumba kimoja, mama na kofia yake upande huu wa kabati, mimi na ubao wangu upande ule. Wakati mwingine alisema bila kuinua macho, "Umekosea palepale pa jana." Mimi nilitabasamu na kuendelea. Mama angejua nini habari za besi.

Na kwa sababu sauti ilikuwa ndogo, nilipiga kwa nguvu. Vidole vilitoka malengelenge, malengelenge yakawa ngozi.

Kibwana alikuwa amesema mazoezi yatakuwa siku ya thelathini, mchana, kama siku hiyo ipo. Mwezi ukionekana jioni ya ishirini na tisa, kesho yake ni Idi, na mazoezi hakuna. Nilihitaji siku hiyo moja. Jioni ile watu walijaa uwanja wa mpira, wanatazama magharibi juu ya minazi, wanaonyeshana vidole. Nami nilikuwepo, nadhani mimi peke yangu Bagamoyo nzima, nikiomba usionekane. Niliomba kwa unyenyekevu kabisa, nikiahidi mambo. Kisha mzee mmoja akasema, "Ule pale," na watoto wakaanza kukimbia mitaani wakipiga makopo. Niliuona mwenyewe. Ulikuwa mwembamba kama uzi wangu wa kwanza, na nikauchukia, Mungu anisamehe.

Asubuhi mama alinivika kofia. Ilikuwa imetiwa wanga, imesimama wima, vitundu vimepangika kama maandishi. Aliizungusha kichwani mwangu mara mbili hadi mshono wa nyuma ukae sawa. "Usilale nayo," alisema. Tulisali, tukala, tukazunguka kutoa mkono wa Idi. Baada ya adhuhuri nikabeba gitaa kwenda ukumbini.

Lile bugi ndiyo mara ya kwanza niliposikia sauti ya gitaa langu. Nilichomeka waya. Nikagusa uzi mnene kwa nguvu ile ile ya kabati, na ukumbi mzima ukageuka. Soda zilitikisika mezani. Linafanya kazi. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja.

Tulianza wimbo wa kwanza, vijana wakamiminika wakiwa na nguo mpya. Kufika ubeti wa pili nilijua kuna jambo. Kila sauti niliyoipiga haikufa. Ilikuwa bado inanguruma wakati ya pili inaanza, na ya pili ikaikuta ya kwanza, na ya tatu ikazikuta zote mbili, hadi ukawa ni uji wa ngurumo usio na hatua ndani yake. Kwenye kabati sauti zilikuwa fupi mno kugundua hilo; au ndivyo nilivyodhani. Nilijaribu kupunguza nguvu. Uji ukawa mdogo, lakini bado uji. Vidole vilikuwa sawa, kila kimoja mahali pake, na hilo ndilo lililonichanganya: nimekosea wapi ikiwa sijakosea?

Wachezaji waligongana miguu. Msichana mmoja alisimama katikati, akamtazama mwenzake, wakacheka, wakaenda kukaa. Wimbo wa pili sakafu ilibaki na watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wanazungumza. Wimbo ulipokwisha Kibwana alinigeukia. Hakukasirika. Alinionyesha mlango kwa kidevu, taratibu, kama anavyoonyesha mtu kiti. Kisha akamnong'oneza mpiga rithimu ashushe sauti ya gitaa lake ashike besi humo humo.

"Kaka Kibwana," alisema Pazi kutoka nyuma ya tumba, "mmoja zaidi."

"Sakafu unaiona, Pazi."

"Naiona. Mmoja."

Pazi aliinuka, akanisogelea. Alifungua kifuniko cha chuma cha gitaa langu kana kwamba ni sufuria yake, akachungulia, akasema, "Humu hamkuwa na kitu?"

"Uchafu. Nimeutoa."

"Ameutoa," aliwaambia wenzake. Akatazama huku na huku jukwaani, akatafuta mifukoni, hakupata. Mkono wake ukapanda juu, ukanivua kofia, akaikunja mara mbili kwa kishindo cha wanga unaovunjika, akaisukuma chini ya nyuzi, akabana kifuniko juu yake kwa ngumi.

"Tumba nikiigonga naishika na kiganja," alisema. "Usipoishika inapiga domo. Sasa piga kama unagonga mlango wa mkweo."

Nilipiga. Sauti ilitoka fupi na mviringo, ikasema neno lake ikanyamaza. Kati ya neno na neno pakawa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo nikasikia tumba ya Pazi kwa mara ya kwanza. Sikufanya kitu kipya. Vidole vilikwenda mahali pale pale. Yule msichana aliyeondoka akicheka alirudi akimvuta mwenzake kwa mkono, kabla ya ubeti wa pili sakafu ilikuwa imejaa, na Kibwana alicheza solo ndefu ambayo haikuwemo. Sikurudi mlangoni. Hakuna aliyeniambia kwamba nimepata nafasi; baada ya bugi Kibwana aliniambia tu nibebe spika ya kushoto, ambayo hubebwa na mpiga besi.

Nilirudi nyumbani kichwa wazi, magharibi inakaribia. Njiani niliandaa uongo wa namna tatu. Mama alinitazama kichwa kabla ya uso.

"Kofia iko wapi?"

Sikuweza kutumia hata mmoja. Nililaza gitaa kitandani, nikafungua kifuniko. Kofia ilikuwa imebanwa pale, na nyuzi nne zilikuwa zimeshachora mistari minne ya kutu juu ya kazi yake ya tangu Rajabu. Aliigusa kwa kidole. Alihesabu kitu kwa midomo, nadhani vitundu vilivyokatika. Kisha akasema, "Piga."

Nilisogeza gitaa kwenye kabati, nikapiga ule wimbo wa tatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unamaliza," alisema. "Mwezi mzima nasikia unaanza neno la pili hujamaliza la kwanza. Nikadhani ndio muziki wenyewe wa kisasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia unakosea palepale. Ulitabasamu."

Kofia nyingine alinishonea, kwa Idi ya mwaka uliofuata. Ile ya kwanza hakuitaka tena. Alisema imekwisha kuolewa.

Miaka iliyofuata ilinifundisha mengine, nayaandika kama yanavyonijia. Hewa ya chumvi hula nyuzi. Ukimaliza kupiga, zipanguse kwa kitambaa kikavu, na zikianza kuzubaa zivue uzichemshe kwenye maji kama mihogo, uzianike, zitarudi na sauti ya ujana kwa wiki kadhaa. Lakini usitumie sufuria ya nyumbani, mimi nilitumia, na chai ilikuwa na ladha ya chuma hadi mfungo sita. Chalinze, katika dansi la wenye malori, uzi wa pili ulikatika na duka halipo. Nilitoa waya wa breki kwenye baiskeli ya mlinzi kwa ruhusa yake, nikaufunga. Ulilia kama mtu mwenye mafua, lakini ulilia hadi mwisho, na mlinzi alisimama jukwaani wimbo mzima akitazama breki yake. Nilimrudishia na kumfungia mwenyewe.

Mwaka wa tatu tulipiga Lugoba. Bwana Mrisho alikuja kwa baiskeli yangu, magurudumu bado hayayumbi. Alisimama mbele kabisa, akatazama mkono wangu wa kulia. Tulipopumzika alinijia.

"Ulilisafisha."

"Nililisafisha, mzee."

"Nilijua. Ulikuwa na mikono misafi mno." Akachungulia. "Umeweka nini?"

"Kofia."

"Mimi niliweka kipande cha godoro la mke wangu," alisema. "Hakunisamehe." Nilimuuliza kwa nini hakunieleza siku ile pale njia panda, badala ya kuniambia sentensi moja tu na kupanda baiskeli. Akajibu, "Ulikuwa na maswali ishirini na mawili. Hukuuliza hilo."

Kwa hiyo, Shaabani, kofia hutaitupa. Ikunje mara mbili, upande wa mishono juu, iguse nyuzi zote nne bila kuzinyanyua. Usiifue. Nimekuandikia kurasa zote hizi kwa sababu sentensi moja haitoshi kwa watu kama sisi.

Nikiri la mwisho. Jumapili hii, mara ya kwanza bila mimi, Kibwana alikosa mtu wa mlangoni, yule wa kawaida anaumwa. Nikasema nitasimama. Nilichukua tiketi, nikaweka mgongo ukutani, mahali pale pale, sikio zima nimelielekeza ndani. Mlango ukafungwa. Mkaanza.

Nje pale solo haifiki. Rithimu haifiki, wala maneno ya mwimbaji, ila anapokuja mtu akafungua. Ukuta unazila zote. Kinachopita ukutani ni besi peke yake: niliisikia kwa mgongo, kila hatua, wimbo baada ya wimbo, mwendo wote kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesomewa. Na mimi nilisimama pale kila Jumapili kwa miaka miwili kabla ya kulishika gitaa. Miaka tisa nimewaambia watu kwamba hakuna aliyenifundisha.

Ulikuwa unamaliza maneno yako, Shaabani. Watu walikuja barabarani wawili wawili, bado mbali, hawajaona hata taa ya mlango, na miguu yao ilikuwa imeshaanza kuhesabu nawe. Nilichana tiketi zao nikawafungulia.